Kamba ya Mkono wa Kushoto

Mambo yote yalianza na kikombe cha kahawa.

Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya Maulidi, miaka ile ambayo gari la moshi kutoka Mombasa lilikuwa bado linakomea Kisumu. Likifika hapo basi, mbele ni maji. Hedimani Mabruki, mkubwa wa mtaa wa Waislamu nyuma ya bazaar, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua maandalizi ya sikukuu. Kukagua kwake kulikuwa kwa mdomo. Nyumba hii alikagua maandazi, nyumba ile alikagua paja la kuku. Kwa Bi Salme alikagua vitumbua saba, halafu akajifuta vidole, akangoja kahawa.

Aliyemletea kahawa ni Zeituni, mjukuu wa Bi Salme, msichana wa miaka kumi mwenye miguu myembamba na maneno mengi. Alipiga goti vizuri, akasema shikamoo vizuri, akanyoosha kikombe. Kwa mkono wa kushoto.

Hedimani aliutazama ule mkono kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu chake.

"Bi Salme," alisema, "mjukuu wako ananitukana?"

"Hapana, Bwana Hedimani. Ndivyo alivyozaliwa. Kula nimemfundisha kwa kulia, na anakula. Lakini ufagio kushoto, mchi kushoto, hata jiwe la kufukuzia kunguru, kushoto. Nimesema mpaka nimechoka."

"Ndiyo kosa lako. Mkono hausemeshwi. Mkono unafungwa."

Na hapo hapo akatoa amri, maana mkubwa akishiba lazima atoe amri, asipotoa chakula hakishuki. Mkono wa kushoto wa Zeituni ufungwe kwa kitambaa mpaka siku ya Maulidi, ili usahau kazi. Na ukionekana unafanya kazi yoyote kabla ya siku hiyo, basi Zeituni atapandishwa gari la moshi kwenda Muhoroni, akakae kwa shangazi yake mpaka anyooke. Huyo shangazi wa Muhoroni alikuwa mwanamke mkali sana. Watu walisema hata jogoo wake alikuwa haoni vyema kuwika kabla hajaruhusiwa.

Hedimani alipokwisha kwenda, Bi Salme alirarua kipande cha leso kuukuu, chekundu chenye madoa meupe, akaufunga mkono wa mjukuu wake ubavuni. Fundo alilofunga hata kifaranga angelifungua. Lakini amri ni amri.

"Bibi," Zeituni alisema, "kwani mkono wangu umemkosea nini?"

"Haujamkosea kitu. Nyamaza tu, mwezi mmoja si mwingi."

"Na nikipelekwa Muhoroni, wewe nani atakuchotea maji?"

Bi Salme alichukua sahani ya vitumbua, akaona imebaki mafuta tu, akairudisha chini.

*

Sasa niwaambie juu ya mtego wa Nyar Seme.

Nyar Seme maana yake ni binti wa Seme, na ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwanamke aliyeolewa, kwa jina la kwao. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyevua samaki karibu na gati. Wakati huo wanaume walikwisha kununua nyavu za uzi kwenye maduka ya Wahindi, wakawa wanajiona. Nyar Seme alibaki na mtego wa zamani, yaani pazia refu la mafunjo, mabua yamefungwa moja baada ya jingine, na juu kabisa kamba moja ya kulishikilia. Watoto wanaingia majini mpaka kifuani, nusu upande huu, nusu upande ule, wanalivuta pazia polepole kuja pwani, na samaki wanasukumwa mbele yake kama kuku wanaoingizwa bandani. Kila Jumamosi watoto wa pande zote walikuja kumvutia: watoto wa Kijaluo, watoto wa mtaa wa Waislamu, na mmoja au wawili wa Kihindi waliowatoroka mama zao. Mwisho wa kazi kila mtoto anakwenda nyumbani na samaki zake.

Mtego huo ulikuwa na tabia moja mbaya. Ukifika katikati ya kuvutwa, pazia linaanza kujiviringisha lenyewe, kama mkeka unaokunjwa. Likijiviringisha, chini panabaki wazi, na samaki wanapita hapo wakijiendea. Siku zingine wanabaki nusu, siku zingine wanabaki vidagaa vya kuhurumiwa.

"Ndivyo mafunjo yalivyo," Nyar Seme alikuwa akisema. "Yana kichwa kigumu kama baba Akech." Akech alikuwa binti yake mkubwa, na baba Akech alikuwa akiyasikia hayo kutoka mbali akicheka.

Kamba za kazi hiyo watoto walizisokota wenyewe kwa nyuzi za mkonge. Kusokota ni kazi ya watu wawili. Mnakaa mkitazamana, kila mtu ameshika kijiti kilichofungwa ncha ya nyuzi, na kila mtu anazungusha kijiti chake. Nyuzi zinakaza, zinakaza, mpaka ukizikunja katikati zinajisokota zenyewe ziwe kamba.

Zeituni alipenda kazi hiyo kuliko kazi zote. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetaka kukaa naye.

Jumamosi ile ya kwanza alikwenda na mkono wake umefungwa ubavuni kwa kitambaa chekundu. Akech akasema, "Leo basi utasokota kwa kulia kama watu. Kaa na Idd."

Idd alikuwa mvulana wa jirani, mwenye mdomo. Zeituni akasokota kwa mkono wa kulia. Kijiti kilimtoka mara tatu. Kamba iliyotoka ilikuwa na vinundu hapa na pale, mahali pengine nene, mahali pengine uzi mtupu.

"Hii si kamba," Idd alisema akiinyanyua juu watu waone. "Hii ni utumbo wa mbuzi mgonjwa."

"Basi niache nitumie mkono wangu."

"Wako ndio balaa. Wewe ukisokota na mtu, kamba inazunguka tu. Mimi na wewe tulikaa kutwa nzima mwezi jana, na ilikuwa inazunguka kama kichwa cha bundi. Nenda kakae na binti Singh."

Watoto wakacheka, na kila mmoja akageuka kumtazama aliyeitwa binti Singh.

Hakuwa binti. Alikuwa Kuldip, mtoto wa Kartar Singh, seremala wa mashua pale gatini. Dini yao hairuhusu nywele kukatwa, kwa hiyo Kuldip alikuwa na nywele zake zote tangu azaliwe, amezifunga fundo utosini na kuzifunika kwa kitambaa. Asubuhi ile wimbi lilikuwa limemvua kitambaa, nywele zikamwagika mpaka kiunoni zikidondosha maji, na tangu hapo akapewa jina jipya. Alikuwa amekaa peke yake juu ya gogo akizikamua.

Zeituni akamwendea, akakaa.

"Zinakauka baada ya muda gani?" aliuliza.

Kuldip alimtazama kuona kama anachekwa. "Mpaka adhuhuri," alisema. "Jua likiwa kali."

"Mimi zangu zinakauka kabla sijamaliza kusema bismillahi. Hebu zifunge nione."

Kuldip akazikusanya nywele zote mkono mmoja, akazizungusha, zikakaza, akazikunja, na zenyewe zikajisokota fundo juu ya kichwa. Zeituni akafungua mdomo.

"Hiyo ni kamba," alisema.

"Ni nywele."

"Ni kamba. Umesokota kama mkonge. Wewe unajua kusokota na unakaa hapa kwenye gogo?"

"Hawataki kukaa na mimi. Wanasema watasukwa."

"Basi kaa na mimi. Na mimi hawanitaki."

Kitambaa chekundu kikaanguka chenyewe. Nimesema fundo lake lilikuwa la kufunguliwa na kifaranga.

Wakachukua nyuzi, wakakaa wakitazamana nyuma ya mashua mbovu iliyokuwa inangoja kutengenezwa na Kartar Singh, mahali ambapo watu wa Hedimani hawangewaona. Wakazungusha. Wakazungusha mpaka jasho likawatoka. Kamba ikazunguka yote kwa pamoja, laini vile vile, haikukaza hata kidogo.

"Unaona," Zeituni alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Idd hakusema uongo. Ni mkono wangu."

Kuldip alikitazama kijiti chake, akakitazama cha Zeituni. Akazungusha kidogo, akasimama. Akazungusha tena.

"Si mkono wako," alisema. "Ni sisi wawili. Mimi nazungusha kwenda huku, kulia kwangu. Wewe unazungusha kwenda kushoto kwako. Lakini tunatazamana, sivyo? Kushoto kwako ni upande gani?"

Zeituni akanyoosha kidole. "Ni kulia kwako."

"Basi. Tunaizungusha kwenda upande mmoja. Mimi nafunga, wewe unafungua. Nikizifunga nywele hivi, halafu mama azizungushe vile, zinafunguka. Ni hivyo hivyo."

Zeituni akaachia kijiti, akaokota kitambaa chake mchangani. "Haya, nimeelewa. Nibadilike. Kila mtu anasema nibadilike. Ngoja nijifunge, nijaribu kulia."

"Nani amesema wewe?" Kuldip aliuliza. "Wewe umekwisha jaribu. Nitabadilika mimi."

"Wewe?"

"Mimi mkono wangu haujafungwa na mtu. Nitazungusha kama wewe."

Ikamchukua siku nne. Siku ya kwanza kijiti kilimpiga puani. Siku ya pili kiliruka kikaangukia ndani ya ndoo ya lami ya baba yake. Siku ya tatu alitokwa na malengelenge, na Kartar Singh alipoyaona akauliza, "Puttar, umepigwa na mwalimu?" Puttar ni mwanangu, kwa lugha yao. Kuldip akasema hapana, anajifunza kushoto. Kartar Singh akafikiri kidogo, akampa kitambaa cha kufunga vidole, akaendelea kupiga randa. Alikuwa mtu wa kazi, hakupenda maswali marefu.

Siku ya nne kamba ikakaza. Walipoikunja katikati ikajisokota yenyewe, ngumu, nyembamba, nzuri kabisa. Ila ukiitazama karibu, mistari yake ilikuwa inapanda kwenda upande mwingine, si upande wa kamba za watoto wengine.

"Imepinda kama sisi," Zeituni alisema, akacheka mpaka akalala mchangani.

Wakasokota nyingine, wakaziunga, na nyingine tena, mpaka ikafika urefu wa mtego wote wa Nyar Seme.

*

Kumbe Hedimani alikuwa na shida yake. Serikali ilikuwa imemwambia mtaa upambwe bendera, maana mkubwa fulani angepita Jumatano kwa dakika tano. Bendera zinataka kamba. Basi Hedimani akatuma watu wake wawili wapite pwani wakusanye kamba zote za watoto. Zote. Hakuna aliyeuliza watoto watavuta nini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema mkubwa ni kama jembe bovu, linakuchosha wewe, lenyewe halichoki.

Wale watu wawili walizoa kamba zote mpya. Walipofika kwa ile ya Zeituni na Kuldip wakaigeuza, wakaigeuza tena.

"Hii haifanani na nyingine," mmoja alisema.

"Iache. Tutaulizwa kwa nini haifanani."

Wakaiacha. Bendera zikapandishwa. Yule mkubwa akapita Jumatano akiwa amelala ndani ya motokaa.

Jumamosi iliyofuata Nyar Seme akashika kamba ya zamani ya mtego wake, akakuta imeanza kukatika. "Itakatikia majini hii," alisema. "Nyathina, hakuna kamba nyingine hata moja?"

Nyathina ni mtoto wangu. Alikuwa akimwita hivyo kila mtoto, hata wa Kihindi.

"Iko hii," Kuldip alisema. "Lakini imesokotwa kushoto."

"Inavuta?"

"Inavuta."

"Basi lete. Mimi nataka kamba, sitaki kuioa."

Akaifunga ile kamba ubavuni mwa ile ya zamani, bega kwa bega, toka mwanzo wa pazia mpaka mwisho. Watoto wakaingia majini. Wakavuta. Wakafika katikati, mahali pale pa kila siku, wakangoja pazia lianze kujiviringisha.

Halikujiviringisha.

Lilisimama wima kama ukuta, likaja nalo polepole, na mbele yake maji yakaanza kuchemka. Ngege, ningu, fulu, kamongo mmoja mwenye hasira aliyemfukuza Idd mpaka nchi kavu. Samaki walijaa vikapu, vikapu vikajaa, Akech akavua kitambaa cha kichwa wakajaza na hicho.

"Ni nini hiki?" Nyar Seme alisema. Aliushika mtego juu akauinamia. "Mafunjo ni yale yale."

Kuldip ndiye aliyeona, maana alikulia kwenye mashua. "Ni kama makasia, Mama," alisema. "Kamba ikivutwa inataka kujifungua, basi inazunguka, na pazia linazunguka nayo. Watu wote mkipiga kasia upande mmoja, mashua inakwenda duara. Sasa kuna wa kulia na kuna wa kushoto. Hii inataka kwenda huku, ile inataka kwenda kule, basi hakuna inayokwenda."

Nyar Seme alitazama kamba, halafu akatazama mkono wa kushoto wa Zeituni, uliokuwa wazi, umeshika kikapu. Aliokota kile kitambaa chekundu kilichokuwa kinaelea, akamfunga mkono haraka. "Rudi nyumbani hivyo," alisema. "Watu wasije wakakuona."

Jumamosi ya pili ikawa hivyo tena, na zaidi. Mtaa mzima ulinuka samaki wa kukaanga. Hedimani Mabruki akaanza kukagua upya, nyumba kwa nyumba, na safari hii alikagua ngege. Alikagua kwa siku tano. Akatangaza kwamba Maulidi ya mwaka huu wageni kutoka Mumias watalishwa wali na samaki mpaka wasahau kwao, na kwamba ni yeye aliyeyapanga hayo.

Siku ya sita akasimama kwa mama yake Idd, na Idd, mwenye mdomo, akamwambia, "Ni kamba ya Zeituni, Bwana Hedimani. Ya kushoto." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajisifu tu kwamba anajua.

Hedimani akakitema kipande alichokuwa anatafuna. Vile alivyovimeza siku tano vilikaa huko huko.

*

Aliwakuta pwani mkesha wa Maulidi, Jumamosi asubuhi, watoto wote wamekwisha kusanyika. Bi Salme alikuwa nyuma yake akikimbia kwa buibui lake refu na moyo mkononi.

"Fungua kamba hiyo," Hedimani alimwambia Nyar Seme. "Hatutawalisha wageni samaki wa mkono wa kushoto. Ichomwe moto. Na wewe Bi Salme, Jumatatu mtoto apande gari la moshi."

"Mtoto ni mdogo, Bwana Hedimani," Bi Salme alisema.

"Muhoroni atakua."

Zeituni alisimama kimya, na kwa mtoto mwenye maneno mengi hilo lilikuwa jambo baya kuliko kulia. Kuldip akaifungua ile kamba kutoka kwenye pazia, akaizungusha mkononi, akaondoka nayo kama mtu anayekwenda kuichoma. Akaingia nyuma ya mashua mbovu. Alipotoka, kamba haikuwepo. Kilichokuwepo kichwani ni kilemba kimoja cha baba yake, kilichokuwa kimeanikwa mashuani, kikubwa kama mzinga wa nyuki, na shingo yake haigeuki.

"Imeungua?" Hedimani aliuliza.

"Haionekani tena, Bwana," Kuldip alisema. Na huo haukuwa uongo.

Watu wa Hedimani wakaleta kamba mbili mpya, zile za bendera, zote za kulia, nzuri, zinafanana. Wakaondoa ile ya zamani, wakazifunga. Hedimani akakunja kanzu yake mpaka magotini. "Leo nasimamia mimi mwenyewe," alisema. "Muone kazi inavyofanywa." Akaingia majini, akajiweka katikati kabisa, mbele ya pazia, mahali ambapo hata mtoto mchanga wa Nyar Seme alijua kwamba hapasimamwi.

"Bwana Hedimani," Nyar Seme alimwambia, "hapo ulipo..."

"Vuteni."

Wakavuta. Kamba mbili za kulia zilikaza kwa pamoja, zikataka kujifungua kwa pamoja, na pazia lilianza kuzunguka kwa nguvu ambazo hazijapata kuonekana. Lilimpiga Hedimani nyuma ya magoti. Akakaa. Likaja juu yake, likapita, likamchukua, likazunguka naye tena. Watoto wa upande huu hawakuona kitu wakaendelea kuvuta. Walipofika pwani, kulikuwa na furushi moja refu la mafunjo, na upande mmoja wa furushi inatoka miguu miwili yenye viatu, upande wa pili inatoka kofia, na chini ya kofia macho mawili.

Samaki hakuwepo hata mmoja. Wote walikuwa wamepita chini wakijiendea.

Halafu Idd akasema, polepole, "Amekuwa kitumbua."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika gatini. Mabaharia wa meli ya moshi walikuja kando wakaangalia. Kartar Singh aliweka randa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bi Salme alijifunika uso kwa buibui lake na mabega yakawa yanatikisika.

"Nifungueni," furushi likasema.

Nyar Seme akachuchumaa. "Tutakufungua, mzee wangu. Lakini wageni kutoka Mumias watakula nini kesho?"

Wageni walikuwa njiani. Mchele ulikuwa tayari. Samaki walikuwa ziwani.

"Ile kamba ingekuwepo..." Nyar Seme alisema.

"Imechomwa," furushi lilisema, kwa sauti ya kusikitika.

Kuldip akaanza kufungua kilemba chake. Akafungua, akafungua, na chini ya kitambaa kukaonekana mkonge, mzunguko juu ya mzunguko, kamba yote ya mtego imezungushwa kwenye lile fundo lake la nywele kama nyoka aliyelala juu ya yai. Watoto waliacha kucheka. Walitazama tu.

"Kwenye kichwa changu mimi isingeenea," Idd alisema. Alijishika kipara chake kidogo kilichonyolewa, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyepungukiwa na kitu.

"Ifungeni," Hedimani alisema.

"Si yangu hiyo," Nyar Seme alijibu. "Ina wenyewe. Waombe."

Macho mawili chini ya kofia yakamtafuta Zeituni. Sijui kama mkubwa huyo alikuwa amewahi kuomba kitu tangu alipopewa kofia. Alitafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena.

"Binti," alisema mwisho. "Tafadhali."

Zeituni alimtazama Kuldip. Shingo ya Kuldip ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kugeuka.

"Na Muhoroni?" Zeituni aliuliza.

"Muhoroni... kuna joto sana wakati huu."

"Na kitambaa?"

Hedimani akafikiri. Siafu mmoja, aliyekuwa amekaa ndani ya mafunjo, akamsaidia kufikiri. "Hakuna kitambaa," alisema haraka. "Toa. Hakuna."

Bi Salme ndiye aliyekifungua. Hakukitupa. Hedimani alipokwisha kufunguliwa, na kamba ya kushoto kushika mahali pa moja ya zile mbili za kulia, alikipeleka kwenye mtego, na pale ambapo kamba ya kulia na kamba ya kushoto zinakutana mwanzoni mwa pazia, akazifunga nacho pamoja. Safari hii alifunga fundo la kweli. Akapiga na la pili juu yake.

Wakavuta mara mbili tu asubuhi ile. Mara ya pili walilazimika kuwaita mabaharia wasaidie kubeba.

*

Siku ya Maulidi mtaa ulijaa wageni wa Mumias wenye kanzu nyeupe na njaa nzuri. Hedimani alikaa kwenye kiti chake mbele ya wote, na mara kwa mara alijikuna shingoni, mahali pa siafu. Bi Salme alikuwa amewaalika Nyar Seme na Akech, na Kuldip na baba yake. Kartar Singh alikula wali tu, samaki akampa Idd, na hakueleza kwa nini. Idd hakuuliza.

Ukafika wakati wa kahawa. Watu wakageuza vichwa, maana habari ya kikombe ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na kila mtu alitaka kuona mkono gani.

Zeituni alitoka ndani. Alipiga goti vizuri. Akasema shikamoo vizuri. Akanyoosha kikombe kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto pamoja, kama anavyopewa mtu anayeheshimiwa sana.

Hedimani alikitazama kikombe. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Wazee wa Mumias walitikisa vichwa wakisema binti huyu amelelewa. Hedimani akapokea. Naye, bila kujijua, akapokea kwa mikono miwili, maana kikombe kilikuwa cha moto na kimejaa mpaka juu.

Nje, nyuma ya jiko, Idd alikuwa amekaa chini na kijiti mkononi, ametazamana na Kuldip.

"Polepole," Kuldip alikuwa akimwambia. "Si huko. Huko ndiko ulikozoea. Huku."

Kijiti kikaruka kikampiga Idd puani.

"Vizuri," Kuldip alisema. "Hiyo ni siku ya kwanza."